Nyasi za Mwanakuu

Mwanakuu alikuwa akipalilia muhogo wake, kwenye mteremko nyuma ya mtaa wa Tononoka, bwana afya alipomsimamia na kofia yake ya kaki.

"Nyasi hizi zaleta mbu. Jioni nikirudi zisiwepo, ama ntakupeleka kortini."

Akaenda zake. Mwanakuu alibaki na jembe mkononi. Mwaka huo wa vita unga ulipatikana kwa foleni, na siku nyingine foleni ilikwisha bila unga. Muhogo huo ndio uliolisha wanawe. Na zile nyasi, mstari mmoja uliokatisha mteremko, ndizo zilizoshika udongo wake.

Masika yaliyopita hakuwa nazo. Mtoto wa mjini yeye, kazaliwa Ndia Kuu. Shamba alilifagia kwa ufagio kama ua wa nyumbani, hata jani halikusalia. Mvua ya kwanza ilibeba udongo na samadi yote hadi kisimani kwa mwenye shamba, Abdulghafur. Maji yakawa tope, kisha yakawa kijani, yakanuka.

"Yakichafuka tena, Mwanakuu, utanirejeshea shamba langu," alimwambia.

Na sasa mawingu yalikuwa yametanda. Akamwita jirani yake Mutanu, Mkamba aliyemfundisha kuziacha zile nyasi.

"Nikikata nafukuzwa, nisipokata nafungwa. Nifanyeje, mwenzangu?"

"Kata, mama, lakini usitupe. Kwetu tunazilaza hapo hapo."

Wakazikata, mizizi wakaiacha ardhini, wakazilaza kukatisha mteremko na kuzikandamiza kwa mawe. Mvua iliwakuta bado wameinama.

Ilipoanuka, Mwanakuu alikimbilia kisimani, nguo zimemganda mwilini. Abdulghafur alikuwa ameshavuta ndoo. Aliyachungulia maji, akayaonja.

"Safi. Haya, nenda kabadili nguo usije ukaugua."

Mwanakuu alicheka huku akilia. Hakuona haya.

Bwana afya alirudi suruali imejaa tope hadi magotini. Juu kilimani wanajeshi walikuwa wamefyeka kila kitu wajenge kambi, na udongo wote ulikuwa umemwagika barabarani.

"Na nyasi hizi zilizolazwa?"

"Ni zile ulizonambia nikate, bwana. Nimezikata."

Bwana afya alizisukuma kwa kiatu.

"Na wale wa juu," Mutanu akamuuliza, "wao utawapeleka korti gani?"

Bwana afya alitazama kambini, kisha akainama kupangusa suruali yake. Mwanakuu akaokota jembe, akarudi kwenye muhogo wake.