Vali Nene za Augustino

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu, mume wangu Augustino aliona amplifaya yake, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, nayo inastahili kitu kipya. Ilikuwa ile ya zamani, ya vali za kioo zinazowaka kama makaa. Binti yetu Evelina alikuwa anaolewa, na wakwe wa Kondoa walishasikia kuwa baba yake ni mpiga gitaa wa kilabuni tu. Augustino akaapa: wakifika kwetu Makole watamsikia, wataheshimu.

Fundi Msafiri aling'oa vali mbili nyembamba zinazosukuma sauti kwenye spika, akachomeka nene zilizokuja na lori kutoka Dar.

"Zile zilikuwa zinazidiwa upesi, mzee. Ukiongeza sauti, zinakwaruza. Hizi? Maji ya bomba!"

"Ndicho ninachotaka," alisema Augustino. Zile nyembamba akamwachia.

Wanaume hawa! Mkwaruzo ule ndio uliotulea. Vidole vya mume wangu vilikuwa vikipotea njia tangu tuoane, na vali zile zilifunika kosa kama mchuzi mzito unavyofunika uchache wa nyama. Watu walisema, "Augustino anapiga kwa uchungu!" Uchungu wa wapi.

Siku ya harusi akagusa nyuzi. Sauti ikatoka pana, ngumu, imenyooka. Kila noti ilisimama peke yake, uchi kabisa, na nyingine hazikuwa za wimbo ule.

Nikapiga kigelegele. Wanawake wakanifuata. Akateleza tena, nikapiga tena, hadi koo likakauka.

Mzee Bernardo, mjomba wa bwana harusi, akanigeukia.

"Mkwe, pumzika kidogo, tumsikie mpigaji."

"Ni furaha, mkwe wangu."

"Furaha gani hii? Kila akikosea ndipo inakupanda!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Augustino alisikia. Akanitazama, wala si kwa hasira; alitazama kama mtu aliyegundua kuwa mkewe aliyajua makosa yake siku zote. Uso ukaniwaka, nikajifunika kanga.

Akazima mashine, akalaza gitaa kitini. Akachukua jagi na beseni kutoka kwa wasichana, akaanza kuwanawisha wakwe mikono, yeye, baba wa bibi harusi, kichwa chini. Alipofika kwangu, akamimina taratibu.

"Ahsante kwa vigelegele, Mama Evelina."

Mimi, ninayemjibu hata mtangazaji wa redio, nikainamisha kichwa, nikanawa.