Hina Iliyogoma

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake Bunju, Raudha alitwanga majani makavu ya mhina, akayachekecha, akayakoroga kwa chai ya rangi nzito na ndimu. Alijipaka kichwa kizima, akafunga mfuko wa nailoni na kitambaa juu yake, akaenda kufua mashati ya mumewe. Mudathir hapendi mvi za mkewe. Anasema zinamzeesha yeye.

Alipofungua adhuhuri, mvi zilikuwa nyeupe vilevile. Ndani ya mfuko mlikuwa na majani mabichi, mazima, mengine na vikonyo vyake. Raudha akadhani hakutwanga vizuri. Akayaanika juani, akatwanga upya siku ya pili mpaka bega likamuuma, akapaka. Yakarudi majani tena.

Shangazi yake, Bi Hija, anayekaa nyumba ya jirani, alimkuta akiyakung'utia kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Una eda wewe."

"Eda ya nani? Mume wangu si huyo, anakuja kula magharibi."

"Mie sijui. Mwenye eda hapaki hina. Wewe hujui, hina imejua. Muulize mwenyewe."

Tangu Idi, Mudathir alikuwa halali nyumbani. Zamu za usiku, alisema. Ila kula alikuja kila siku, na mashati aliyaleta. Jioni ile kulikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Raudha akauweka ungo wa majani karibu na sahani ya mumewe. Mudathir akautazama, akaendelea kutoa miba.

"Kumbe imegoma," alisema. "Nilikuacha, Raudha. Talaka tatu, mashahidi wapo. Nimeoa Mbweni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenuna. Na yule mtoto wa watu hata chai hajui kuipika."

Bi Hija, aliyekuwa amekaa mlangoni, akamwambia hana haya hata chembe. Mudathir akakubali, akaomba ndimu.

Raudha akakaa chini. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka hata kulia akaona ni kazi nyingine. Siku zote hizo alichotaka ni kubaki mke wa mtu, ndiyo maana akajipaka na kujifunga vitambaa. Kumbe alikuwa anamfulia mume wa mwanamke mwingine. Mashati yale yalimuuma kuliko talaka yenyewe.

Akainuka, akatafuta mtandio, akajifunika nywele palepale. Mudathir sasa alikuwa mwanamume kama muuza samaki anayepita njiani, na mbele ya muuza samaki Raudha hujifunika. Kuondoka hakuondoka. Nyumba ni ya Mudathir, na kwa Bi Hija ni chumba kimoja kilichojaa wajukuu. Akamalizia eda yake humohumo, akipika.

Eda ilipokwisha akapaka tena. Hina ikashika mara moja, nyekundu iliyoiva, mpaka Bi Hija akapiga kigelegele kifupi mlangoni.

Magharibi Mudathir akapiga hodi, akangoja nje Raudha ajifunike, ndipo akaingia akanawa. Alikula, kisha akauliza:

"Umepaka?"

"Nimepaka."

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Hongera," alisema, akasogeza sahani aongezewe mchuzi. Raudha akamwongezea.