Siku Saba za Mtumbwi wa Kivukoni

Mtumbwi ulikuwa mmoja, na wenyewe walikuwa nyumba saba, kila nyumba na siku yake. Siku yako ikifika, nauli yote ya kuvusha watu pale Kivukoni ni yako: chumvi, kuku, jembe, kipande cha kaniki, hata rupia ukibahatika kumvusha mtu wa boma la serikali. Jua likizama unamkabidhi mwenzako kasia, unakwenda zako. Ndivyo walivyopatana tangu mti wenyewe wa mvule ulipoangushwa kule kijiji cha Mbingu, ukachongwa kwa gharama ya nyumba zote saba.

Ila siku hazikuwa sawa, na anayedai zilikuwa sawa hajawahi kuona gulio. Jumamosi ndiyo ilikuwa ya gulio, siku ya soko. Wapagazi wa utomvu wa mpira na wa mchele walivuka tangu alfajiri mpaka jioni, na mwenye Jumamosi, mzee Raimundi, alikuwa amenenepa nayo. Kesho yake hakuna anayesafiri. Watu wamelala na pombe ya jana. Jumapili hiyo ilikuwa ya Wendelin. Tena Wendelin alikuwa amebatizwa na mapadri wa upande wa Mahenge, na padri alishamwambia kwamba Jumapili hakuna kazi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: mtu ana siku moja tu mtoni, na hiyo nayo Mungu kaichukua!

Domitila alikuwa na Jumatano. Jina hilo, kama wengi humu, alikuja kulipata baadaye sana, alipobatizwa uzeeni, lakini ndilo watu wanalomkumbuka nalo, kwa hiyo tumwite hivyo hivyo. Alikuwa mke wa Ponsiano mvuvi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto na kihenge cha kuwekea mpunga kilichovishinda vya wote. Alipenda kujua bei ya kila kitu na hakuona haya kuuliza. Ukipita na jogoo, atakuuliza umempataje. Ukipita na mke mpya, atakuuliza vilevile.

Kiangazi cha mwaka 1905 habari zilianza kuvuka mto kabla ya watu. Iko dawa, walisema, ukiinywa risasi za Mdachi zinageuka maji. Baada ya habari akaja mwenye kibuyu, watu wakapanga mstari, wakanywa. Domitila naye akanywa, kwanza kwa sababu na yeye alikuwa amechoshwa na kodi na viboko vya akida, pili kwa sababu kukataa mwaka ule kulikuwa kujitafutia maneno. Lakini dawa haikumzuia kutazama gulio. Aliona wapagazi wanapungua. Aliona jembe la kuku wawili sasa linaombewa mbuzi, na chumvi inafichwa chini ya kitanda. Vitu vya kubebeka vilipanda bei, visivyobebeka vikashuka.

Na katika vyote visivyobebeka, hakuna kilichoshuka kama siku za mtumbwi. Wenye siku walifikiri hivi: Mdachi akishinda, ataongeza kodi mpaka watu waishie porini, akishindwa, wapagazi wake wa mpira hawatarudi tena. Kwa vyovyote vile, nani atavuka? Siku ya mtumbwi huwezi kuitia kwenye kikapu ukakimbilia nayo milimani. Mpunga unaweza.

Mzee Raimundi ndiye aliyeanza. Alikuja kwa Domitila jioni, akakohoa mlangoni.

"Shikamoo, baba," Domitila alimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Kihenge chako kimejaa bado?"

"Kimejaa. Una nini?"

"Nina Jumamosi."

Domitila alimwomba arudi kesho. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba anataka kununua siku zote, si Jumamosi peke yake. Ponsiano alikuwa akitengeneza mgono wake, mtego wa samaki. Aliuweka chini taratibu.

"Mama Balbina, huo mpunga ni tumbo la watoto. Mtumbwi ukipotea, tutatafuna kasia?"

"Nijibu kitu kimoja. Vita hukausha mto?"

"Hapana."

"Basi! Atakayeshinda atavuka. Na atakayeshindwa atavuka mbio zaidi. Wenzetu wanauza kwa sababu hawajui nani atashinda. Mimi pia sijui. Lakini mto haujali."

Ponsiano alijua mkewe akishapiga hesabu hapingiki tena. Kwa hiyo kihenge kikafunguliwa. Jumamosi ikanunuliwa kwa mpunga mwingi, Ijumaa kwa kidogo, Jumatatu kwa mpunga na jembe. Kila aliyeuza aliondoka akijiona mjanja, akimhurumia mke wa Ponsiano aliyeingiwa na wazimu.

Wa mwisho alikuwa Wendelin. Mpunga ulikuwa umebaki chini kabisa, Domitila akamkunjulia kiganja kimoja cha chumvi.

"Hiki tu, shemeji?" Wendelin aliuliza.

"Hata hicho ni kingi! Nanunua siku ambayo padri wako ameshaikataza."

Waliokuwepo waliangua kicheko. Wendelin alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani anayetaka mchuzi wenye chumvi. Alipokea, akafunga fundo kwenye pindo la nguo yake, akaondoka. Domitila alicheka na wenzake, na hakufikiria tena jambo hilo.

Majuma yaliyofuata yalikuwa matamu kwake, kusema kweli. Mto haukupumzika. Vijana wenye mikuki na mabua ya mtama kichwani, alama ya waliokunywa dawa, walivuka kwenda kulipiga boma la Mahenge, na kila kundi liliacha chochote. Domitila alisimama ukingoni mikono kiunoni, mwenye Jumatatu, mwenye Ijumaa, mwenye kila kitu. Hakukuwa na mfalme aliyemshinda.

Kisha vijana wakaanza kurudi. Boma halikuanguka, na risasi hazikugeuka maji. Walirudi wachache, wakibebana. Domitila hakuwaomba nauli. Alivusha, akarudi, akavusha, na machozi yalimtoka waziwazi, maana baadhi yao alikuwa akiwajua tangu wananyonya.

Nyuma yao zikaja habari za askari. Wanachoma nyumba, wanachoma mpunga, wanachoma mitumbwi wasivuke tena wapiganaji. Domitila hakubabaika. Mtumbwi wa mvule ukipumzishwa hauachwi juani, utapasuka. Hujazwa mawe na tope ukazamishwa, ukangoja chini ya maji. Kila mwenye mtumbwi bondeni anajua hivyo. Yeye na Ponsiano wakauzamisha mahali pake pa siku zote, kijitoni, chini ya matete. Ukisimama juu yake huoni kitu ila perege wanacheza. Domitila alilala usingizi mnono.

Asubuhi moja alipita mvuvi kutoka chini ya mto, uso umempauka. Kwao askari wamechoma mitumbwi yote, alisema, hata iliyozamishwa. Waliionaje? Walionyeshwa. Kuna mtu aliwapeleka mpaka ilipo mitumbwi ya jirani yake, na nyumba yake ikaachwa.

Mvuvi alipoondoka, Ponsiano alimtazama mkewe.

"Mama Balbina. Zamani mtumbwi ulikuwa na wenyewe saba, na waliojua unakozamishwa ni saba."

"Na sasa?"

"Sasa mwenyewe ni mmoja. Wanaojua ni saba vilevile."

Domitila alihesabu vidoleni. Nyumba sita zilijua kijito kile, zilizamisha mtumbwi humo miaka yote, na nyumba sita hizo hazikuwa na sababu hata moja ya kufunga mdomo. Yeye mwenyewe alikuwa ameinunua sababu hiyo, tena kwa bei ya kutupa. Kuuhamisha hakukuwezekana: watu wawili wanaweza kuuzamisha, lakini kuuinua na mawe yake kunataka wanaume wa nyumba zote. Kihenge kilikuwa kitupu. Mtumbwi ukichomwa, watoto wake wangekuwa hawana mpunga wala mto.

Alikaa chini kwa muda mfupi tu. Kisha akajifunga kanga ya kiuno, akatoka. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, ingawa ilimwuma kama jino.

Kwa mzee Raimundi alisema moja kwa moja, "Baba, nimekuja kukurudishia siku."

"Mpunga tumeshaula, binti."

"Sikuuliza mpunga. Nakupa Jumatano yangu. Mtumbwi ukipona, Jumatano ni yako."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi siitoi, hata ukinililia."

Mzee alimkazia macho, akitafuta mtego ulipo. Alipouelewa alicheka kicheko cha chini, akaitikia. Domitila alikwenda hivyo nyumba kwa nyumba. Ijumaa ikarudi kwao, Jumatatu ikarudi kwao, Alhamisi na Jumanne zikarudi. Kila mlango ulipofungwa nyuma yake, Domitila alihisi amepungukiwa na mtumbwi, na wakati huohuo mtumbwi umepata mlinzi.

Wendelin alikuwa ukingoni mwa shamba lake, kwenye njia iendayo Katindiuka, akichimba viazi. Hakuinuka.

"Nimekuletea Jumapili yako, shemeji."

"Ile ya kiganja cha chumvi?"

"Ile ile," Domitila alisema.

"Nipe Jumamosi," Wendelin alisema.

"Jumamosi hapana."

Wendelin alichimba jembe moja, la pili. "Haya. Iache hapo Jumapili yangu."

Hakusema atanyamaza wala hatanyamaza. Domitila alirudi nyumbani akijilaumu kwa kicheko cha siku ile. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumwonyesha askari kijito, alikuwa Wendelin.

Askari walifika kesho kutwa yake, jua likiwa limepanda. Walichoma vihenge vyote. Cha Domitila kiliwaka upesi kwa sababu kilikuwa kitupu. Kisha wakawakusanya watu, na mkubwa wao akauliza: mtumbwi wa kivuko uko wapi? Atakayesema, nyumba yake itabaki imesimama.

Hakuna aliyejibu. Mkubwa akapitisha macho kwenye mstari, yakatua kwenye shingo ya Wendelin, kwenye msalaba wake mdogo wa shaba. Huyu ni mtu wa mapadri, alisema, huyu atasema kweli. Wakamvuta mbele.

"Kamba hukatikia pembamba," mzee Raimundi alinong'ona.

Domitila alitazama ardhi. Alisikia kiboko. Alisikia swali, kisha kiboko tena.

"Mtumbwi uko wapi?"

"Mimi, bwana," Wendelin alisema, pumzi zikimkatika, "mimi siku yangu ni Jumapili. Siku nyingine mtumbwi ule siujui."

Askari hawakuelewa, wakadhani anawacheza shere. Mmoja akamshushia kitako cha bunduki, na wote waliosimama pale wakausikia mkono wake ukivunjika. Wakamwuliza tena. Akawajibu yaleyale: Jumapili, bwana. Mwishowe walichoka naye. Walichoma nyumba zote, yake ikiwa ya kwanza, wakaondoka kwa njia waliyojia.

Njaa iliyofuata msiniulize. Aliyeiona hakupenda kuisimulia. Watu walikula mizizi, na kambale wa Ponsiano waligawanywa vipande ambavyo zamani angewatupia paka. Lakini masika yalipojaza mto, wanaume wa nyumba zote saba waliingia kijitoni, wakatoa mawe, na mtumbwi ukainuka mweusi, mzima, hauna ufa. Bondeni kote ulibaki huo peke yake. Watu wa boma walitaka kuvuka, wa misheni walitaka kuvuka na mbegu zao, wenye njaa walitaka kuvuka kuwafuata ndugu. Mto haukujali, kama Domitila alivyosema, na aliwakumbusha watu hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Gulio lilirudi pole pole. Jumamosi ya kwanza watu walipojaa tena ukingoni na vikapu, Domitila alifika mapema. Miongoni mwa wanaongoja alikuwa Wendelin, mkono umeunga vibaya, umepinda kwenye kiwiko. Alimnyooshea Domitila samaki mmoja mkavu.

"Za asubuhi, shemeji. Nauli yangu hii."

"Rudisha samaki wako. Mwenye siku halipi."

"Siku yangu ni kesho."

"Kesho padri anakataza."

Wendelin hakucheka. "Nilikuomba Jumamosi, shemeji, ukaninyima."

"Nilikunyima." Mara hii sauti ya Domitila haikufika hata mtumbwini. "Wakati ule nilikuwa sijajua bei yake."

Walitazamana. Kisha Domitila akaingia mtumbwini, akashika kasia, kwa kuwa mkono ule uliopinda haukuweza tena kulishika, akamwambia Wendelin aketi mbele apokee nauli. Mzee Raimundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda, kuku kwapani, akasimama hajui ampe nani.

Domitila alimwonyesha Wendelin kwa kidevu, akasukuma mtumbwi.