Muulize Anaumwa Wapi

Msiniambie pole. Pole nimepewa za kutosha, na nyingi zimetoka kwa watu wanaojua vizuri kwamba mama yangu hakuvunjwa na uzee. Tulimvunja watatu: mimi, mume wangu, na yeye mwenyewe.

Mume wangu, Oduori, ni daktari wa viungo hapa Malaba. Si wa kukanda watu na mafuta, hapana, amesomea. Wachezaji wa mpira kutoka pande zote mbili za mpaka wanaletwa kwake wakichechemea, na baada ya wiki sita za mazoezi wanarudi uwanjani. Anawauliza bila haya: inauma mbele ama nyuma? Kwenye kinena? Ukikohoa je? Nao wanamjibu.

Lakini mama yangu ni mkwe wake. Kwetu Amukura, mwanamume na mama mkwe hawashikani mkono, hawali pamoja, na boma lake haingii hivi hivi. Kwao Marachi ni vivyo hivyo, kwa hivyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Nyonga ya Mama ilipoanza kumuuma, upande wa nje, hata hawezi kuulalia, nilimwambia aende kwa daktari mwingine kule Busia.

"Watu waseme nini? Mkwe wangu daktari, na mimi nazunguka?" Akasonya. "Akiteng, mwanangu, mimi nataka tu kutembea na miguu yangu. Siku nitabebwa kwenda chooni, siku hiyo nizikeni."

Basi kila Ijumaa Oduori akawa ananilaza mimi kwenye mkeka. Lala ubavu, inua mguu wa juu, shusha polepole. Lala chali, inua makalio. Simama kutoka kitini bila kushika kitu. Na Mama asikalie kigoda kifupi tena. Jumamosi mimi nabeba mwili wangu mpaka Amukura, nalala kwenye mkeka wake, namwonyesha. Siku ya kwanza alicheka mpaka akatoa machozi.

"Mwanamke mzima anarusha mguu kama punda!"

Lakini alifanya, na mwezi wa pili alikuwa anapalilia wimbi lake mwenyewe, sokoni anaenda na kurudi kwa miguu. Oduori hakuiona hata hatua moja. Alinisikiliza tu nikimsimulia, akitabasamu.

Halafu mvua ikaanza, Mama akateleza kisimani, akaketi chini kwa kishindo.

"Imerudi," akaniambia Jumamosi hiyo.

"Ile ile?"

Akatazama mlangoni kwanza, kisha akaweka kiganja huku mbele, kwenye kinena. "Ni hapa sasa. Nikikanyaga, Mungu wangu! Na usiku hainipi nafasi. Lakini hapa usimtajie mkwe wangu. Mwambie imerudi tu."

"Na kuanguka?"

"Nguo ilinipanda mpaka kiunoni, watu wakaniona. Hiyo pia utamwambia? Wacha."

Ningekataa. Nina miaka thelathini na minane, na mdomo wangu soko zima linaujua. Lakini nilipofikiria kutaja kinena cha mama yangu mbele ya mume wangu, nikamwambia sawa.

Jioni tukiwa mezani nikamwambia imerudi. Oduori akaangalia sahani. Yule yule wa kuuliza ukikohoa je!

"Ni... upande ule wa nje, sivyo?"

"Ee."

"Hajaanguka?"

"Hapana."

Ningesema. Na yeye angekitaja kinena kwa jina lake, kama anavyowauliza vijana wa mpira. Akamega ugali. "Basi misuli imelegea. Aongeze, afike mara kumi na tano. Na asimame kwa mguu huo mmoja, akishika ukuta."

Jumamosi iliyofuata akanipeleka kwa pikipiki, akabaki barabarani, nje ya ua. Mama hakutaka kusimama.

"Inauma, mwanangu."

"Mazoezi huuma, Mama! Wachezaji wa Oduori hawalii."

Aki, nilimwambia hivyo mama yangu. Nikamsimamisha, mkono ukutani, nikaanza kuhesabu. Nilipofika sita nikasikia mlio, kama muhogo ukivunjwa, na Mama akaanguka chini na leso yake.

Nikapiga nduru. Oduori akaja mbio mpaka kwenye ua, akasimama hapo hapo. Akaniuliza kupitia michongoma: "Mguu umefupika? Wayo umegeukia nje?"

"Ee! Njoo!"

"Usimsogeze. Kunja nguo, uweke pande zote mbili za mguu. Anaumwa wapi?"

"Kinena!" nikapaza sauti. "Wiki nzima ni kinena! Na alianguka!"

Mikono ambayo timu nzima zinaifuata Malaba ilikuwa hatua kumi kutoka kwa mama yangu, imeshika michongoma, na haikuingia. Alikwenda kumwita Ojakol, jirani, mtu wa kubeba magunia. Ojakol na ndugu yake wakamwingiza Mama kwenye gari la kukodi, Probox, Oduori akiwaelekeza huku ametazama kando. Nilimchukia siku hiyo, na bado sijamaliza.

"Ningeingia, asingenisamehe," aliniambia baadaye.

"Na hivi atatusamehe?"

Hospitalini walimtia chuma. Daktari wa upasuaji alisema mfupa ulipata ufa siku ile ya kisima. Angepigwa picha mapema, akakaa bila kuukanyaga, pengine usingeachana. Muuguzi akatikisa kichwa: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikatamani kumzaba kofi, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Siku ya tatu mazoezi yakaanza upya. Pazia limevutwa, Mama kitandani, mimi kando yake, Oduori upande wa pili wa pazia.

"Mama Selpha," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "muulize anaumwa wapi leo."

Mama akanivuta karibu, akaninong'oneza. "Mwambie kiuno."

Haki ya Mungu! Na chuma ndani ya mfupa!

Nikasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia: "Ni kinena, Baba Selpha! Kinena cha kulia, na paja kwa ndani!"

Mama akageuzia ukuta uso. Nyuma ya pazia Oduori akakohoa kidogo, kisha akatoa ile sauti yake ya kazini. "Ni sawa. Na akikohoa je?"

Sasa ni wiki ya tatu tangu atoke hospitalini. Kwangu hawezi kulala, ni kwa mkwe, kwa hivyo nimehamia Amukura, watoto nimewaacha na baba yao. Asubuhi nambeba Mama kwenda chooni, naye hugeuza uso pembeni asinitazame. Tukirudi analala chali, anavuta kisigino polepole mpaka goti likunjike, kisha anakirudisha. Mara kumi, na anayehesabu ni mimi. Namuuliza, Mama, inauma wapi? Tangu siku ile ya pazia hajanijibu.