Mate ya Bi Shufaa

Katika nchi ya Takasika, iliyopakana na jangwa la Ukiwa, raia walifagia nyua zao kabla ya kuamkiana, na mgeni aliyepiga chafya aliiomba radhi nyumba nzima. Usafi ulikuwa adabu yao, fahari yao na, kusema kweli, maradhi yao pia. Zamani ndwele ya kikohozi iliwapukutisha watu, na Sultani Kinyaa, aliyemzika mkewe katika ndwele hiyo, akaharimisha kutema mate njiani. Sheria hiyo ilikuwa njema: atemaye alipewa maji na ufagio akaosha njia nzima, na kikohozi kikahama. Lakini hofu haijui kushiba. Sultani akaongeza sheria ya pili: mtu akimtemea mwenziwe, aliyetemewa atamrudishia mate hayo hadharani, katika Uwanja wa Fedheha, na akikataa kurudisha, wote wawili watafukuzwa waende Ukiwa.

Jamala alikuwa mjukuu wa pekee wa Bi Shufaa, ajuza aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Siku Jamala alipoondoka kumfuata mumewe nchi ya Mbali, bibi alimshika kichwa mlangoni, akamwombea, kisha akamtemea kwenye paji la uso, tfu, kama wahenga walivyowafanyia wasafiri kabla Kinyaa hajazaliwa. Mate yenyewe yasingelowesha bawa la nzi. Jirani yao Bwana Mdukuzi, ambaye dirisha lake halikuwahi kufungwa, aliyaona. Kabla ya adhuhuri walikuwa uwanjani, mbele ya Kadhi Herufi.

Kadhi Herufi hakuwa mtu mbaya. Aliipenda sheria jinsi kipofu aipendavyo fimbo yake, akichelea kuiachia asije akaanguka.

“Bi Shufaa, umemtemea huyu binti?”

“Nimembariki, mwanangu.”

“Kwa mate?”

“Maneno matupu hukauka njiani, na Mbali ni mbali.”

“Sheria haiulizi nia. Binti, mrudishie bibi yako, ama mtoke nchini nyote wawili.”

Kumtemea mzee ni kuzitupa radhi zake. Kukataa ni kumtembeza jangwani mwanamke asiyefika kisimani bila mkongojo. Jamala alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Kisha akajifuta macho.

“Mheshimiwa Kadhi, niyarudishe jinsi yalivyokuja?”

“Jinsi yalivyokuja, bila kuzidi wala kupungua.”

Basi Jamala akamshika bibi yake kichwa kwa mikono miwili. “Mungu akupe afya na umri, Bibi, hata uje uwapakate vitukuu wako.” Na akamtemea pajini, tfu.

Bi Shufaa hakujifuta. “Ewe Kadhi,” alisema kwa upole, “nimetemewa hadharani. Sheria yaniamuru nini?”

“Umrudishie,” Kadhi akasema kwa sauti ndogo.

Akamrudishia, akimwombea kizazi chema. Jamala naye akamrudishia, akimwombea nuru ya macho. Hata jua likapinduka, na watu waliokuja kutazama fedheha wakawa wanaitikia amina, ya Mdukuzi ikizitangulia za wenziwe.

“Mtaacha lini?” akauliza Kadhi.

“Sheria ikituachia, mwanangu. Hebu niambie, ulipovikwa kilemba hicho, nani alikuombea?”

“Hakuna, bi mkubwa. Mama yangu alikuwa mlangoni, akaogopa.”

“Yu hai?”

“Yu hai.”

“Basi wakaa hapa wafanya nini?”

Kadhi Herufi aliiahirisha kesi, akavua kilemba na kwenda kwao kwa miguu. Alipotoka huko paji lake lilikuwa limelowa, naye akaenda moja kwa moja kwa Sultani, akapiga magoti.

“Nimetemewa, Mtukufu, na sheria yanitaka nimrudishie mama yangu. Nitamrudishia, naye atanirudishia, nami sitaki tuache. Nihukumu utakavyo.”

Sultani Kinyaa alilitazama paji lile muda mrefu. Sheria ya pili ilifutwa siku hiyo hiyo; ya kwanza ingalipo, na watemao ovyo wangali wakiosha njia za Takasika. Jamala alisafiri salama, akiwa na radhi zake zote. Lakini kabla hajamruhusu Kadhi aondoke, Sultani, ambaye mamaye alikufa akiwa amekatazwa, kwa hofu ya kikohozi, kumbusu mwanawe, aliwatoa walinzi nje, akashusha sauti.

“Mama yako,” aliuliza, “huwabariki na watoto wa wenziwe?”