Milimau ya Argia

Majani yalikuwa yakianguka yangali mabichi. Hilo ndilo lililonichanganya. Jani linalokufa hugeuka manjano kwanza, likakupa muda wa kuzoea. Haya yalidondoka yakiwa ya kijani, yanang'aa, yananukia limau nilipoyakanyaga. Asubuhi nilifagia baraza la vioo, tulimohifadhi miti wakati wa baridi, na kabla sijarudisha ufagio mahali pake sakafu ilikuwa imetapakaa tena.

Ulikuwa mwezi wa pili, kwenye vilima vya juu ya mji wa Pescia, na mume wangu Moreno alikuwa hayupo tangu vuli. Hakugombana na mtu. Alisema anakwenda Torino kutazama kazi, akachukua koti la baridi, simu zake zikawa fupi, kisha zikanyamaza. Tukabaki wawili nyumbani kwa mama yake: Argia, mjane wa miaka sabini na kitu, na mimi, mkwe nisiyejua kama bado ni mkwe. Hilo hatukulizungumza. Tulizungumza kuhusu milimau yake, aliyokuwa nayo kwenye vyungu tangu alipoolewa, na ambayo sasa ilikuwa inageuka vijiti.

Nilidhani ina kiu. Nikaimwagilia. Majani yakazidi kuanguka, nami nikazidi kumwagilia.

Mwishowe Argia akamwita jirani yetu, Fosco, ambaye naye alikuwa na milimau ya vyunguni. Fosco akazamisha kidole kwenye udongo, akakichomoa haraka kama aliyeumwa.

"Nani anamwagilia hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Argia papo hapo.

Tukatazamana. Muda wote ule kila mmoja alikuwa akimwagilia kimyakimya, asimsumbue mwenzake.

Fosco hakucheka. Alitueleza kwamba jua likipenya kwenye kioo huyaamsha majani, nayo hudai maji, huku mizizi imelala ndani ya udongo baridi na haiwezi kunywa. Mti unakuwa na kiu huku umezama majini, basi unatupa majani ili uokoe kilichobaki. Nilimwelewa, kisha nikawa simwelewi tena. Akakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. Haijafa, akasema, iacheni ipumue.

Tukafanya alivyotuelekeza. Tukainua vyungu juu ya mbao visiguse sakafu ya mawe, tukavifunga magunia, tukatundika shuka kwenye vioo kupunguza ukali wa jua, na tukaacha kumwagilia mpaka udongo ukauke. Kuacha ndiko kulikokuwa kazi. Mikono yetu haikujua pa kukaa.

Tulikuwa tunafunga gunia la mwisho Argia aliponiuliza, bila kuinua kichwa, "Loredana, utaondoka lini?"

"Unanifukuza, mama?"

"Nikufukuze uende wapi? Watu wananiuliza kanisani. Sina la kuwajibu."

"Hata mimi sina."

"Haya, vuta kamba."

Machipukizi yalijitokeza kabla ya Pasaka, madogo, ya zambarau. Miti miwili haikuamka. Na Pasaka yenyewe akaja Moreno, kuchukua nguo zake. Alinikuta juu ya ngazi nikifungua shuka. Nilikuwa na maswali ya majira mazima ya baridi, yote nikiyajua kwa moyo. Akatazama majani mapya, akauliza tulifanya nini, nami nikaanza kumweleza habari za udongo baridi, jua, na mizizi isiyoweza kunywa. Nilieleza kwa kirefu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kana kwamba namjibu jambo jingine kabisa.

Nilipomaliza akasema, "Nisamehe." Sikujua anaomba msamaha wa lipi, na mpaka leo sikumbuki kama nilitikisa kichwa kukubali au kukataa. Akabeba sanduku lake akaenda zake.

Argia hakutoka kumuaga. Alipotokea alikuwa amekusanya kwenye aproni maharage mabichi, ambayo huku huliwa hivyo hivyo majira ya kuchipua, na kipande cha jibini cha kulia mkononi. Akaketi kizingitini, akaanza kumenya. Nikashuka ngazi. Akasogea upande, akaniachia nafasi.