Paka Aliyekwangua Jina Langu

Usiku wa jana niliota nimehudhuria mkutano wa waandishi wa programu za kompyuta. Nilikwenda kwa nia moja: kumwona Ndimbo, rafiki wa miaka mingi ambaye nilimjua mtandaoni tu.

Kila mhudhuriaji amekuja akiwa picha yake ya mtandaoni. Mlangoni limesimama birika la bluu, ambalo ni Bi. Kokushubira, mkaguzi mashuhuri wa kazi za wenzake. Ndimbo ni paka aliyevaa miwani ya jua. Mimi peke yangu nimekuja na uso wangu, na tai.

"Karibu, kaka," birika linasema, likifuka mvuke. "Hapaingii kitu kipya bila wenzako wawili kukikagua na kukiidhinisha. Wewe ni kitu kipya."

Linanizunguka.

"Masikio mawili, kazi moja. Kwa nini?"

"Nilizaliwa nayo."

"Haya, mimi nimekuidhinisha. Bado mmoja."

Kupitia mlangoni naiona skrini ya ukumbini. Inaonyesha programu yangu ya kupanga zamu za wauguzi, niliyoitoa bure kwa sharti moja: jina la mwandishi lisifutwe. Shuleni, bwenini kwetu, kila ndoo ilichorwa jina la mwenyewe kwa msumari, na aliyelikwangua la mwenzake alisimamishwa mbele ya paredi, awe mtoto wa nani. Juu ya kazi yangu pameandikwa: NDIMBO.

"Umelikwangua jina langu," namwambia paka.

"Aa, kaka, usipaniki! Lilikuwa refu, halienei kwenye simu." Anajilamba mguu. "Halafu nani anasoma majina? Watu wanataka zamu."

"Lirudishe."

"Sikiliza. Nakuidhinisha, unaingia, tunapiga picha, unakula pilau. Ila hasira hiyo uifute kwanza. Na hiyo 'yangu, yangu' yako."

"Kubali tu, kaka," birika linanong'ona. "Pilau linapoa."

"Sifuti."

"Basi anarudishwa kwenye toleo la awali," paka anatangaza.

Papo hapo ukumbi ni uwanja wa paredi wa shule yetu. Nimevaa kaptula ya kaki na magoti yamepauka. Wahudhuriaji wamejipanga mistari, na skrini imening'inia kwenye mlingoti wa bendera. Ndimbo anapanda jukwaani kupokea tuzo kwa kazi yangu, akipigiwa makofi na birika lisilo na mikono.

Wamekosea hesabu. Katika toleo la awali nilikuwa bado sijafundishwa uvumilivu.

Naukwea mlingoti. Nalishika jina NDIMBO kwa mikono miwili na kulibandua. Ni zito, na lina joto kama sufuria.

"Kaka, unaniumiza!" paka analia. "Nitaitwa nani mimi?"

"Watu wanataka zamu," namjibu, nami nalimeza.

Niliamshwa na simu. Namba ilikuwa ya Ndimbo, lakini mahali pa jina palikuwa patupu. Nilipokea.

"Kaka, samahani kwa usumbufu," alisema. "Niko mapokezi hapa hotelini, wanataka niandike jina. Nimeshika kalamu, silikumbuki. Usinicheke. Wewe unanijua. Naitwa nani?"

"Rudisha langu kwanza," nilisema.

Nilimsikia akiiweka kalamu chini. Hakuuliza nilikuwa nazungumzia nini.